Jengeni Maktaba Mkijua Itahama

Hotuba hii niliitoa hapa Nairobi mbele ya wakutubi, watunza nyaraka na wanafunzi wa sayansi ya habari. Waliokosa kufika wameiomba, nami naiweka nzima kama nilivyoisema. Picha za projekta nimeziacha. Hata siku ile hazikutufaa sana, maana stima ilipotea katikati na hakuna aliyezikumbuka.

Mwenyekiti, walimu wangu, wakutubi wenzangu, na ninyi vijana wa vyuo mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: hamjambo?

Sijasikia vizuri. Hamjambo tena?

Ahsanteni. Nimeombwa nizungumzie ujenzi wa maktaba za kidijitali. Ujenzi nitaugusia kidogo tu, kwa sababu kujenga tunajua. Tunajua kuandika maombi ya fedha, tunajua kununua seva, tunajua kumwalika mgeni rasmi akate utepe, tunajua kushona fulana zenye nembo ya mradi. Leo nataka tuzungumze juu ya siku isiyo na utepe wala fulana: siku ya kuhama, yaani kuitoa maktaba nzima kwenye mfumo mmoja wa kompyuta na kuipeleka kwenye mwingine.

Niwaulize. Ni nani humu ndani ambaye bado anatumia mfumo ule ule, toleo lile lile, kwenye seva ile ile aliyokuwa nayo mwaka 2010? Naona mikono miwili. Poleni sana, tuonane baadaye.

Waliobaki mmehama au mko njiani. Na mtahama tena. Mkazi wa Nairobi hahitaji kufundishwa habari za kuhama: mwisho wa mwezi ukifika, pikapu iko chini, na kitanda kilichochomelewa bila skrubu hakipiti ngazini. Hakikuwahi kupita hapo: kilitengenezwa humo humo ndani. Sasa hakitoki. Maktaba nyingi tulizojenga ni vitanda vya namna hiyo, na anayeumia zisiposogea ni msomaji.

Tuanze na huyo msomaji. Maktaba ya McMillan pale Banda Street, yenye simba wawili wa mawe mlangoni, ilifunguliwa mwaka 1931. Ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika aliweza kupita nje, akafagia ngazi, lakini kukaa ndani akasoma hakuruhusiwa hadi 1958. Wazee wetu waliishi miaka 27 na maktaba katikati ya mji wao isiyokuwa yao. Miaka ya karibuni watu wa shirika la Book Bunk wameshirikiana na kaunti kuirudishia hadhi hiyo maktaba na matawi yake ya Kaloleni na Makadara, na mtoto wa Makadara anaingia na kutoka apendavyo. Vizuri sana.

Sasa niambieni: hazina yako ya kidijitali inayofunguka tu ukiwa ndani ya geti la chuo, kwenye mtandao wa chuo, ina mlango wa namna gani? Tasnifu iliandikwa kwa kuwahoji wakulima wa Mwea. Mkulima wa Mwea akitaka kuisoma, aje na kitambulisho cha mwanafunzi?

Na hata tukiufungua mlango, je, watu wanapita? Nilikaa kwenye matatu ya Githurai karibu na binti mwenye simu iliyopasuka skrini pembe moja. Alikuwa anapakua tasnifu. Mstari wa buluu unatambaa: asilimia 31, asilimia 32, kimya, 33. Faili lenyewe lilikuwa la megabaiti 140. Tulipofika Roysambu bando likakatika. Akaniangalia, akasema, "Wameweka ya kuangaliwa tu." Sikumwambia kazi yangu.

Megabaiti 140 zinatoka wapi? Hesabu ni rahisi. Ukurasa wa A4 ukiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi una nukta zipatazo milioni 8.7. Kwa rangi kamili, bila kubanwa, huo ni uzito wa megabaiti 26 kwa ukurasa mmoja. Ukurasa ule ule kwa weusi na weupe mtupu ni megabaiti moja na kidogo, na ukibanwa vizuri unashuka hadi kilobaiti makumi tu. Maandishi meusi kwenye karatasi nyeupe! Ni nani aliamua yaskaniwe kwa rangi kama picha za harusi, halafu yakapandishwa hivyo hivyo? Hakuna aliyeamua. Skana ilikuja imepangwa hivyo kutoka dukani.

Kwa hiyo tengenezeni nakala mbili. Moja ya kutunza, nzito, safi, isiyoguswa. Nyingine ya kusoma, nyepesi, inayopita kwenye bando la shilingi ishirini. Na hiyo ya kusoma ipitishwe kwenye programu inayotambua herufi, isiwe picha tupu. Faili ambalo ni picha tupu halitafutiki, na asiyeona hawezi kulisikiliza, maana programu ya kumsomea haioni herufi hata moja. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka 2017 ili wasioona wapate vitabu vya kusomeka. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya kukitekeleza ikaja 2016. Sheria tunazo. Halafu mama anakwenda saiba, kwenye duka la intaneti, kutafuta tangazo la shamba la marehemu mumewe kwenye Gazeti Rasmi, kijana wa saiba anaandika jina, kompyuta inasema hakuna, kumbe liko, ukurasa wa tatu, ila ni picha. Amelipa na amerudi nyumbani akijua halipo.

Wanaofanya vizuri wapo pia. Mtu yeyote leo anaweza kusoma sheria za nchi hii na hukumu za mahakama zetu bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Kuna mawakili humu ambao maktaba yao kubwa ni simu. Msinikatalie.

Nije kwenye kuhama kwenyewe, na niwape kisa cha Waingereza.

Mwishoni mwa mwaka 1085 Mfalme William aliamuru mashamba, watu na mali ya Uingereza viandikwe kwenye daftari, na kazi ikafanyika 1086. Likaitwa Domesday. Mwaka 1986, kuadhimisha miaka 900, BBC wakasema, tufanye jingine la kisasa. Zaidi ya watu milioni moja walichangia, wengi wao watoto wa shule: picha za mitaa, bei za vitu, maisha ya kila siku. Yote yakawekwa kwenye diski kubwa za leza zilizosomwa na mashine maalumu iliyounganishwa na kompyuta maalumu. Teknolojia ya hali ya juu kabisa kwa wakati ule. Kufikia 2002, mashine za kuzisoma zilikuwa zimebaki za kuhesabu, na watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan walilazimika kuunda programu ya kuiga ile kompyuta ya zamani ili yaliyomo yasipotee. Daftari la 1086 wakati huo huo? Lipo. Unalifunua, unalisoma, mradi ujue Kilatini.

Je, sisi hatuna ya kwetu? Fungueni droo za ofisi. Nitawaambia mtakachokuta. Mtakuta CD za semina za 2003, zimeandikwa kwa kalamu ya felti, "Ripoti zote - MUHIMU". Kompyuta mpya haina hata pa kuitia hiyo CD.

Na sizidharau CD. Kuna programu huria iitwayo Greenstone, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Waikato huko New Zealand, na UNESCO wakasaidia kuieneza. Uzuri wake ni kwamba ilikuwezesha kufunga maktaba nzima kwenye CD, pamoja na utafutaji wake, na kuipeleka mahali pasipo na mtandao. Kabla ya nyaya za baharini kutua Mombasa mwaka 2009, intaneti yetu ilikuwa ya setilaiti, ya bei ya kuua. CD ile ndiyo iliyokuwa intaneti ya maktaba nyingi. Ilifanya kazi yake. Kosa ni kuiacha maktaba ibaki kwenye CD hiyo hiyo.

Basi siku unayojenga, uliza swali moja kabla ya mengine yote: nikitaka kutoka, natoka vipi? Muuzaji akikuonyesha skrini nzuri zenye rangi, mwambie, "Nionyeshe kitufe cha kutoa kila kitu." Rekodi zote, yaani maelezo ya kila kazi, kwa mpangilio unaojulikana, pamoja na faili zake. Asipokuonyesha, mwaga chai yake na umsindikize mlangoni. DSpace, programu ya kuendeshea maktaba za kidijitali ambayo wengi wenu mnaitumia, na ambayo chuo cha MIT na kampuni ya HP waliitoa mwaka 2002, inakuwezesha kutoa kila kitu kikiwa folda moja moja: ndani ya kila folda kuna faili la maelezo, orodha ya vilivyomo, na nyaraka zenyewe. Hata DSpace ikifa kesho, mtu mwenye akili timamu atafungua folda hiyo na kuelewa. Tunzeni kwa miundo iliyo wazi, kama PDF/A, ambayo imekuwa kiwango cha kimataifa tangu 2005 na imeundwa kwa ajili ya kukaa muda mrefu.

Wakati huo huo, wenye DSpace toleo la 5 na la 6, nisikilizeni. Matoleo hayo yaliacha kuhudumiwa mwaka 2023. Hayapati tena viraka vya usalama. Na toleo la 7 halikuwa rangi mpya juu ya nyumba ya zamani. Sehemu yote anayoiona msomaji iliandikwa upya. Marekebisho mliyomlipa kijana fulani mwaka 2014 hayatavuka.

Sasa tufike pale penye kazi. Mniruhusu nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo wengi huzama.

Chuo kimoja, sitakitaja, kilihama Ijumaa jioni. Jumatatu asubuhi hesabu zikalingana: rekodi zilizotoka na zilizoingia ni sawa. Barua pepe ya pongezi ikatumwa kwa wote. Saa nne akaja mwanafunzi kutafuta kazi ya mhadhiri wake, Mũthoni. Hakuna. Akaandika tena. Hakuna. Akaambiwa huenda haijawekwa. Mkutubi mmoja wa makamo, aliyekuwa na mazoea ya kufungua rekodi moja moja, ndiye aliyegundua tatizo. Jina lilikuwa limegeuka MÅ©thoni. Herufi ũ ilisomwa na mfumo mpya kama herufi mbili za ajabu. Kila Mũthoni, kila Wambũi, kila Gĩkũyũ, kila jina la Kikamba lenye alama juu, limevurugika. Rekodi zipo, hesabu imetimia, na watu hao wote hawapatikani. Ndugu zangu, programu nyingi zilitungwa na watu ambao majina yao hayana hizo alama. Usipokagua wewe, hakuna atakayekukagulia.

Hamjamaliza. Ng'ang'a. Kile kialama cha katikati, kwenye kibodi kuna kilichonyooka. Ukiandika kwenye Word kinajipinda chenyewe. Na wengine hubonyeza kile cha pembeni juu kabisa, karibu na namba 1. Kwa macho yetu ni Ng'ang'a yule yule. Kwa kompyuta ni watu watatu. Ongeza na yule aliyeandika "Ng'ang'a, M." na aliyeandika "Mũthoni Ng'ang'a" bila koma, na profesa mmoja anageuka ukoo mzima.

Na lugha yetu je? Nenda kwenye hazina yako leo, fungua orodha ya lugha. Utakuta "sw". Chini yake "swa". Chini yake "Swahili". Chini yake "Kiswahili". Mwingine ameandika "kiswahili" kwa herufi ndogo. Msomaji anayebonyeza moja anapata kipande, anadhani ndiyo yote. Vitabu vya Kiswahili tunavyo, lakini tumevitawanya wenyewe.

Kazi hii ya kusafisha ni ya nani? Kila mahali naona inasukumwa kwa vijana wa kompyuta. Mimi napinga. Kijana wa kompyuta atahamisha mia kwa mia alichokabidhiwa, uchafu pamoja na usafi. Anayejua kwamba huyu Ng'ang'a na yule ni mmoja ni mkutubi. Kuna programu ya bure iitwayo OpenRefine. Inafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida, hata bila mtandao. Unaitia orodha yako, inakukusanyia majina yanayofanana, wewe unaamua lipi ni lipi. Fanyeni kabla ya kuhama. Nasema kabla. Nani anasema baada? Hakuna baada. Baada ya kuhama kuna mradi mwingine na fulana nyingine.

Na mjue pia faili lenyewe limefika salama, maana jina la faili kuwepo hakuthibitishi kitu. Kompyuta inaweza kukokotoa namba kutoka kwenye faili. Likibadilika hata chembe, namba inabadilika. Kokotoeni kabla ya kuondoka, kokotoeni mkifika, linganisheni. Hilo linafanywa usiku mmoja na mashine, ninyi mmelala.

Anwani. Hapa nitapita haraka, ila msicheke sana. DSpace inapokuja mpya, inakupa kiambishi cha mfano, yaani namba ya mwanzo ya anwani, kwa ajili ya viungo vya kudumu: 123456789. Ni cha kujaribia. Unatakiwa usajili cha kwako, ada yake ni ndogo, ndipo kiungo kimfikishe msomaji hata ukihamia seva nyingine. Sasa tembeleeni hazina za vyuo vyetu mtazame anwani juu ya skrini. 123456789. Chuo kingine, 123456789. Wanafunzi wamevinukuu viungo hivyo katika tasnifu, majarida yamevichapa, na siku chuo kinapohama vyote vinakufa siku moja. Ada hiyo haifikii hata gharama ya mahema ya siku ya uzinduzi.

Mwisho, nakala. Ziko wapi, na ni nani anazishika?

Msikiti wa Riyadha, Lamu, una hati za kale za mkono. Ziliskaniwa kupitia mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, watu wa dunia nzima wakaweza kuzisoma mtandaoni. Mwezi wa Oktoba 2023 wahalifu wa mtandaoni wakaivamia Maktaba ya Uingereza na kudai fidia. Maktaba ikakataa kulipa. Data zipatazo gigabaiti 600 zikamwagwa hadharani, huduma zikazimika. Hata katalogi yao kuu haikurudi hadi Januari 2024, tena ya kutazama tu, na makusanyo ya mpango ule yalikaa miezi mingi hayafikiki. Walipochunguza, walikiri kwamba mifumo mikuukuu ndiyo iliyofanya kujijenga upya kuwe kugumu. Maktaba ile ni miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Je, ya kwetu yenye seva moja chini ya meza?

Lakini hati za Lamu hazikupotea. Kwa nini? Kwa sababu sharti la mpango ule ni kwamba hati zenyewe haziondoki nchini, na nakala inabaki huku. Shikeni sharti hilo mnapokaa mezani na mfadhili yeyote. Nchi hii inajua gharama ya kulikosa. Mwaka 1963 wakoloni waliondoka na mafaili yetu. Yale mafaili 1,500 hivi, masanduku kama 300, serikali ya Uingereza ilikuja kukiri kuwa inayo mwaka 2011 tu, wazee wa Mau Mau walipoipeleka mahakamani. Leo yako Kew, London. Mtafiti wa Nyeri anayataka. Nauli yake ni ya ndege.

Kwa hiyo nakala tatu. Moja hapa, moja kaunti nyingine, moja kwenye diski isiyochomekwa popote, ndani ya kabati, na mtu mwenye jina anayeitoa kila baada ya miezi kadhaa kuona kama bado inasomeka. Nikisema mtu mwenye jina sina maana ya "idara". Idara haifungui kabati.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Mezani hapo nje kuna karatasi. Andikeni mfumo mnaotumia, toleo lake, na kiambishi chenu cha anwani. Wale wenye DSpace 5 na 6 tutakaa chumba cha pili saa nane baada ya chakula, tujaribu kutoa rekodi mia moja za kila mmoja na kuzikagua majina. Njooni na kompyuta zenu. Na wale wawili wa 2010, njooni mapema.

Maswali sasa. Mama pale nyuma, wewe mwenye leso ya manjano, umeinua mkono tangu zamani. Karibu.